Nebulaiza yetu na kile kipande cheupe

Ndani ya kikombe cha dawa cha nebulaiza, ile mashine inayogeuza dawa ya maji kuwa mvuke wa kuvuta, kuna kipande cha plastiki, cheupe, kidogo kuliko kucha ya kidole gumba, chenye umbo la pia iliyopinduliwa. Hakijafungwa na chochote. Kimekalia tu tundu jembamba ambalo hewa hutokea. Ukifungua kikombe ili ukioshe, kinatoka, na ukimwaga maji ya kuoshea bila kuangalia, kimekwenda nayo.

Chetu kilikwenda Jumapili moja jioni. Shosho, yaani mama yangu mzazi, alikuwa amekuja kutoka Njoro kukaa nasi wiki mbili. Kwa kuwa yeye si mtu wa kukaa mikono mitupu, aliviosha vyombo vyote vilivyokuwa kwenye karai, kikombe cha mashine ya mjukuu wake kikiwemo, kisha akayamwaga maji mtaroni. Saa nane usiku mtoto akabanwa kifua. Nikachomeka mashine, nikamimina dawa, nikawasha. Ikanguruma kama siku zote. Mvuke haukutoka. Nikatikisa kikombe, nikahamia soketi nyingine, nikachomoa mpira wa hewa na kuuchomeka tena. Mashine inanguruma, dawa imetulia chini ya kikombe kama maji kwenye gilasi, na mtoto ameketi kitandani mabega juu, akitafuta hewa.

Nitarudi kwenye usiku huo. Naandika haya kwa sababu kila mwezi wa saba, baridi ikiingia, napigiwa simu na mzazi mwenzangu na swali ni lile lile: "Ile mashine ulinunua wapi, na ni pesa ngapi?" Nikijibu hayo mawili tu nitakuwa nimemnyima sehemu kubwa ya habari. Jibu langu ni refu, na linaanza na jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia: kati ya vitu ambavyo mtoto mwenye pumu anavihitaji nyumbani, nebulaiza ndiyo ya mwisho kununuliwa.

Kijana wangu alianza kubanwa akiwa na mwaka mmoja na nusu. Kila mafua yalimshukia kifuani, na usiku ulisikia firimbi kila akitoa pumzi. Tunaishi Free Area, mtaa wa mji wa Nakuru. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, na jina lenyewe, tunavyoambiwa, lilitokana na neno la Kimaasai la mahali penye vumbi. Vumbi la Januari na Februari tunalifuta madirishani asubuhi na jioni. Mwezi wa saba nao baridi inawafanya watu wafunge madirisha na kuingiza jiko la makaa ndani. Kwa mapafu madogo, misimu yote miwili ni mibaya.

Mara ya kwanza tulipomkimbiza hospitali usiku, nesi alimfunika pua na mdomo kwa maski, akawasha mashine, na baada ya dakika kumi mtoto ambaye alikuwa anahangaika mikononi mwangu akalala. Nilitaka kulia. Tangu hapo kichwani mwangu dawa na mashine vikawa kitu kimoja. Safari ya tatu ya usiku ndani ya mwezi mmoja, kila safari ikitutoa si chini ya shilingi 2,500 ukijumlisha teksi, kadi ya daktari na dawa, nikamwambia mume wangu kwamba tunanunua ya kwetu, hata kama ni kwa mkopo wa chama.

Daktari wa watoto ndiye aliyenisimamisha. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mama, ile mashine ni kijiko. Umeandikiwa nini cha kuweka kwenye kijiko?"

Sikuwa na jibu. Tulikuwa tumewekewa mashine mara nne na hakuna aliyekuwa ametuambia ugonjwa unaitwaje. Mara ni kifua, mara ni alaji, mara ni baridi. Siku ile ndiyo mara ya kwanza mtu aliuliza kama upande wa baba kuna pumu (ipo, kwa shangazi zake wawili), kama mtoto ana ngozi ya kuwasha, kama anakohoa akicheka au akikimbia, kama tunapikia makaa. Alieleza pia kwamba chini ya miaka mitano ni vigumu kusema moja kwa moja kwamba mtoto ana pumu, kwa sababu wengi hutoa firimbi kifuani kwa ajili ya virusi vya mafua na huacha wakikua. Lakini kwa wetu dalili zilikuwa zimerudi mara nyingi mno. Akaandika dawa mbili, na tofauti ya hizo mbili ndiyo iliyobadilisha nyumba yetu.

Ya kwanza ni ya kufungua. Ni salbutamoli, ile ya pampu ndogo ya bluu ya kupuliza mdomoni. Inalegeza misuli iliyobana njia za hewa, inafanya kazi ndani ya dakika chache, na baada ya saa nne hadi sita imekwisha nguvu. Ya pili ni ya kuzuia, steroidi ya kuvuta kwa kiasi kidogo, asubuhi na jioni, hata siku ambazo mtoto anakimbia uwanjani kama swara. Hiyo inatuliza uvimbe ulio ndani ya njia za hewa, na uvimbe huo ndio chanzo cha kubanwa. Mzazi anayenunua nebulaiza na chupa ya salbutamoli peke yake amenunua ndoo ya kuchotea maji yanayoingia kwa paa linalovuja. Anachota kila usiku. Paa halijaguswa.

Halafu akatoa kitu ambacho nilikuwa nikikikataa miezi yote hiyo: pampu yenyewe, pamoja na spesa, lile kopo la plastiki lenye maski upande mmoja. Nilimwambia nilichokuwa nimekisikia kila mahali, sokoni, kanisani, kwenye matatu: ukimwanzisha mtoto pampu, hataiacha tena. Akauliza, "Na ile ya mashine ulikuwa unadhani ni dawa gani?" Ni salbutamoli ile ile. Mpulizo mmoja wa pampu una mikrogramu 100. Kijichupa kimoja cha nebulaiza kina miligramu 2.5, ambazo ni sawa na mipulizo 25. Sehemu kubwa ya dawa ya mashine hupotelea hewani, hubaki kwenye kikombe au hulowesha mashavu, ndiyo maana inawekwa nyingi hivyo. Utafiti umefanywa mara nyingi kwa watoto waliobanwa kwa kiasi cha kawaida, na pampu yenye spesa imeonekana kufanya kazi sawa na nebulaiza. Haihitaji stima, inaingia mfukoni, na haichukui dakika kumi.

Nimewahi kusoma kwamba pampu hiyo ilianza na swali la mtoto. Miaka ya 1950 huko Marekani, msichana wa miaka 13 mwenye pumu alimuuliza baba yake, George Maison, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya dawa ya Riker, kwa nini dawa yake isiwekwe kwenye kopo la kupuliza kama dawa ya nywele. Mwaka 1956 pampu za kwanza zikaanza kuuzwa. Kila nikiitikisa ya mwanangu namfikiria yule msichana.

Na kwa wale wanaoona spesa ni ghali: mwaka 1999 daktari Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha utafiti katika jarida la Lancet ulioonyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa kitakoni tundu linaloshika mdomo wa pampu barabara, iliwasaidia watoto waliobanwa sawa na spesa ya kununua. Muulize daktari au nesi wako akuonyeshe namna ya kuitengeneza. Ni chupa ile ile ya maji au soda tunayoitupa.

Sasa, kama pampu inatosha, kwa nini tulinunua mashine? Kwa sababu mwanangu alikuwa amelazwa mara mbili kwa kubanwa vibaya, na kutoka kwetu usiku wa manane gari si jambo la kupata haraka. Daktari alikubali, kwa sharti kwamba tuwe na karatasi iliyoandikwa kwa mkono wake: dalili gani tuanze na pampu, dalili gani tutumie mashine, kiasi gani cha dawa, mara ngapi, na lini tuache vyote na kutoka nje ya mlango. Karatasi hiyo imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la jikoni.

Kununua kwenyewe kulinichukua Jumamosi tatu. Kwanza shemeji yetu aliye Marekani alijitolea kutuma moja. Nikamwomba apige picha kibandiko cha chini. Kiliandikwa volti 120, hezi 60. Stima yetu ni volti 240, hezi 50; ningeichomeka ukutani, ingeungua siku hiyo hiyo. Nikamshukuru, nikamwambia hela hizo anunulie watoto viatu.

Mjini nilizunguka kuanzia Kenyatta Avenue mpaka mitaa ya nyuma ya soko. Kwenye duka moja nilionyeshwa kifaa cha kufukizia uso, kile cha urembo, nikaambiwa ni kitu kimoja. Si kimoja. Mvuke wa maji moto hauna dawa ndani yake. Nebulaiza haichemshi kitu: inavunja dawa ya maji kuwa matone madogo sana, na yanayofika chini mapafuni ni yale ya mikroni 1 hadi 5 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Makubwa zaidi ya hapo huishia mdomoni na kooni. Ukubwa huo huandikwa kwenye boksi au kwenye kijitabu, na muuzaji anayeijua kazi yake hataona swali lako la ajabu.

Utakutana na aina tatu. Ile ya kompresa ni boksi lenye pampu ya hewa ndani. Ni nzito kidogo, ina kelele kama friji kuukuu, lakini inavumilia na inakubali karibu dawa zote. Ya mawimbi ya sauti iko kimya, ila haifai kwa budesonidi, ile steroidi nyeupe kama maji ya mchele, kwa sababu chembe zake zinaachwa chini. Ya wavu ni ndogo kama simu, inatumia betri, inapendeza macho, ni ghali, na kiwavu chake kikiziba usipokisafisha vizuri ndio mwisho. Nilichukua ya kompresa kwa shilingi 4,500, na maski ya mtoto. Maski ya mtu mzima kwa mtoto wa miaka miwili inavujisha dawa pembeni.

Nilimwomba muuzaji aiwashe mbele yangu na kijichupa cha selaini, yaani maji safi ya chumvi ya hospitali, ndani. Alisita, nikasubiri. Mvuke ukatoka mzito na wa kuendelea, kama pumzi ya ng'ombe asubuhi ya baridi. Nikauliza pia kama anauza kikombe, mpira na chujio pembeni. Swali hilo nililiuliza kwa sababu tu dada yangu alinihimiza, sikujua litakuja kuniokoa.

Kutumia ni rahisi, ila kuna kosa nililolifanya wiki nzima. Mtoto alikataa maski, nami nikawa naishikilia mbele ya uso wake, umbali wa vidole vinne, mvuke umpitie. Unaona mvuke mwingi na unaamini anavuta. Hapati karibu kitu. Maski lazima iguse uso. Akilia pia anapata kidogo, maana kilio ni kutoa pumzi ndefu na kuvuta za haraka. Kilichotusaidia ni kumpakata wima, mgongo wake kifuani kwangu, na baba yake akamsimulia habari za treni ya Mombasa mpaka kikombe kikaanza kutatarika, ishara kwamba dawa imekwisha. Baadaye mikono yake ilitetemeka kidogo na moyo ulidunda kasi. Hiyo ni kawaida ya salbutamoli na hupita. Kama dawa ilikuwa steroidi, tunamfuta uso na kumsuuza kinywa.

Ndani ya kikombe kinaingia kilichoandikwa na daktari, na kama ni cha kuongezewa maji, basi ni selaini isiyo na vijidudu. Maji ya bomba hapana, hata yaliyochemshwa. Shosho, ambaye alitulea sote kwa kutufukiza chini ya blanketi na majani ya mkaratusi, aliuliza kwa upole kama tusingeweza kutia matone mawili ya mafuta ya mkaratusi humo. Nilimweleza kwamba mafuta yakiingia mapafuni yanaweza kuyaumiza, na kwamba sufuria ya maji moto karibu na mtoto imeshawaunguza wengi. Alinisikiliza, akasema, "Sawa mama, ninyi ndio mmesoma." Hakulitaja tena.

Usafi ndio unaochosha. Kila baada ya kutumia, kikombe na maski vinaoshwa kwa maji moto na sabuni, vinasuuzwa, vinakaushwa kwa hewa juu ya kitambaa safi. Mpira hauoshwi ndani. Ukipata unyevu, washa mashine bila kikombe mpaka ukauke. Chujio, kale kaduara kadogo ubavuni, katika vumbi letu hugeuka kijivu upesi kuliko kijitabu kinavyosema, kwa hiyo huwa nalitazama kila mwisho wa mwezi. Dakika kumi za mashine hazili tokeni za stima za kuogopesha. Stima ikikatika, hata hivyo, mashine ni boksi tu.

Ule usiku wa Jumapili stima ilikuwepo na bado mashine ilikuwa boksi tu. Mume wangu ndiye aliyesema, "Pampu iko wapi?" Ilikuwa kwenye begi la shule ya chekechea, ikining'inia mlangoni, na spesa yake. Tikisa, mpulizo mmoja, pumzi sita. Tikisa, mpulizo, pumzi sita. Tulifuata idadi iliyoandikwa kwenye karatasi ya kabatini, tukasubiri dakika 20, tukarudia. Shosho alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda na leso begani, bila neno, akimsugua mtoto nyayo. Kufikia saa tisa na nusu mabega yalikuwa yameshuka na mtoto ameomba maji. Asubuhi tulimpeleka kliniki hata hivyo. Kipande kile nilikitafuta mtaroni kwa tochi na kijiti, sikukipata. Kikombe kipya nilikipata dukani kwa yule yule muuzaji.

Kuna usiku mwingine ambao naufikiria zaidi kuliko huo.

Habari kwamba tuna mashine ilikuwa imeenea plotini. Jirani wa nyumba ya nyuma alibisha saa nne usiku, amembeba mtoto wake wa miezi minane ndani ya shuka. "Mama, nisaidie na ile mashine, huyu amebanwa." Ilikuwa juu ya kabati, dawa ipo, hatua tano tu. Nilimkaribisha, nikamwomba amfunue mtoto kifua. Daktari alikuwa amenifundisha kuhesabu pumzi dakika nzima, kwa saa, mtoto akiwa ametulia: kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi ni nyingi mno, kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni 40. Nilihesabu 66. Chini ya mbavu ngozi ilikuwa inaingia ndani kila akivuta hewa, na mwili ulikuwa wa moto. Hakuwa na firimbi. Alikuwa anaguna, sauti fupi mwisho wa kila pumzi, na mama yake aliniambia amekataa kunyonya tangu saa kumi.

Nikamwambia, "Dada, hii si ya mashine. Twende sasa hivi." Aliniangalia kana kwamba nimemnyima chakula. Akasema tumwekee kidogo tu, kisha ataona asubuhi. Ni maneno niliyoyajua, ningeyasema mimi mwenyewe miaka miwili nyuma. Na najua ambavyo ingekuwa: ngurumo, mvuke, maski usoni, kitu kinafanyika, na sote tungetulia huku mtoto akiendelea kuzama. Mume wangu alimpigia dereva wa teksi tunayemtumia. Mtoto alikuwa na nimonia. Aliwekwa kwenye oksijeni usiku ule ule, akadungwa antibiotiki, akarudi nyumbani baada ya siku sita.

Tangu siku hiyo mashine haitoki nyumbani kwetu kwenda kwa jirani. Anayekuja namkaribisha aketi, tunahesabu pumzi pamoja, na namba ya dereva imeandikwa kwa kalamu nzito kwenye kifuniko cha boksi. Midomo ikiwa ya bluu, mtoto akishindwa kunyonya au kuongea, mbavu zikiingia ndani, akilegea, au dawa ya kufungua ikishindwa kumsaidia ndani ya saa ya kwanza, hatukai.

Kijana sasa ana miaka mitano. Jiko la makaa limehamia nje, madirisha yanafunguliwa mchana hata mwezi wa saba, na dawa ya kuzuia anaivuta kila siku kabla ya kupiga mswaki. Mwaka huu mashine imewashwa mara mbili.

Shosho yuko nasi tena wiki hii. Jana jioni nilimkuta jikoni na karai, amevipanga juu ya kitambaa cheupe: kikombe, kifuniko, maski, na kile kipande kidogo katikati. Mjukuu alikuwa amesimama juu ya stuli kando yake, akivigusa kwa kidole. "Kimoja, viwili, vitatu, vinne," wakahesabu pamoja. Kisha Shosho akachukua karai, akalitazama tena ndani, akatoka nje kumwaga maji.